Sauti Yangu Niachie Hapa Gesima

Gesima,
Jumamosi, baada ya wageni kuondoka

Kemunto wangu,

Leo jioni, sebule ikiwa imejaa hadi wengine wakakalia debe la mahindi, mzee wa kanisa alikuomba uimbe ubeti mmoja tu kabla ya sala ya kukuaga. Ukashika koo. Ukatabasamu lile tabasamu lako la jukwaani, ukasema, "Samahanini, koo linaniuma tangu jana." Wote wakakuhurumia. Jirani yetu Mama Nyanchama akatoka mbio kwenda kwake kukuletea asali. Mimi nilikuwa mlangoni na birika la chai, na kidogo birika linianguke. Koo lako haliumi. Najua haliumi, na najua kwa nini hukuimba.

Ndiyo, Kemunto. Ninajua. Nimejua wiki tatu nzima.

Sasa usiikunje barua hii. Keti kitandani uisome hadi mwisho. Kwa kuwa nakufahamu, nimeitia ndani ya kiatu chako cha kulia, na viatu vyako vingine nimevifungia chumbani kwangu. Utanisamehe, huwezi kwenda Nairobi na kiatu kimoja.

Utacheka kwamba nimeandika kwa Kiswahili, ati Mama amekuwa mwalimu. Kwa Ekegusii mimi najua kugombeza na kubembeleza, na leo sitaki kufanya lolote kati ya hayo. Kwa mdomo nimejaribu mara tatu tangu asubuhi. Mara ya kwanza nilikukuta unasukwa, nikakuuliza kama umeweka sweta. Mara ya pili tulikuwa wawili tu jikoni, nikafungua kinywa na kukuuliza kama umeweka sweta. Mara ya tatu ukaniambia, "Mathe, si nimeshakushow sweta iko, tulia!" Basi mambo ya sweta tumeyamaliza.

Wacha nikwambie nilivyojua. Ilikuwa siku ile tulipochelewa kwenye kituo cha kuuzia chai, lori la majani chai lilipokwama kwenye tope. Tuko pale kwenye foleni, vikapu mgongoni, baridi inatuuma, mara karani Onchiri akapaza sauti, "Mama Kemunto, njoo uone binti yako!" Akanipa simu yake. Wale watu wa kipindi cha runinga cha Nairobi walikuwa wametangaza waigizaji wapya na kuweka video uliyowatumia. Nikakuona umesimama pale chini kwa migomba yetu, umevaa gauni langu la bluu, unaimba wimbo wa kupalilia wimbi aliokuwa akiimba mama yangu, ambaye jina lake ndilo jina lako. Jinsi ulivyofumba macho! Jinsi mkono ulivyopanda kwenye sauti ya juu! Haki, mwanangu, kwa muda mfupi hata mimi niliamini. Nikasema moyoni, kumbe mtoto huyu anaweza kuimba na mimi mamake sikujua.

Halafu nikasikia kikohozi. Kile kikohozi changu kidogo cha baridi, kabla ya ubeti wa pili. Wewe kwenye video ukageuza uso pembeni kidogo, kwa ustadi, ili mdomo usionekane. Na nyuma ya wimbo nikasikia tap, tap, tap, ya mtu anayechuma chai. Ulikuwa umenirekodi shambani, Kemunto. Mahali pekee duniani ninapoimba, kwa sababu nadhani hakuna anayenisikia.

Wale akina mama wakanizunguka. "Kweli mtoto wa nyoka ni nyoka! Amerithi sauti yako ya zamani!" Onchiri akasema mtoto huyu atatutangaza kwenye runinga, Kenya nzima. Na mimi nikafanya nini? Nikacheka pamoja nao. Nikasema asanteni. Nikarudi nyumbani nikakuchinjia kuku.

Hilo lilikuwa kosa, na halikuwa la mwisho. Siku mbili baadaye ukaniletea fomu ya mzazi, kwa kuwa hujafikisha miaka kumi na minane. Nilikutuma dukani ili niisome peke yangu. Niliisoma yote. Kuna mstari unaosema kwamba kila kitu kilichotumwa ni kazi ya mwombaji mwenyewe, na mzazi anathibitisha. Nikausoma mara mbili. Nikatia sahihi. Nilijiambia ni kwa ajili yako. Uongo. Nilikuwa nawaza watu wa kituoni, na jinsi walivyokuwa wakiniangalia, mimi Kwamboka ambaye miaka yote hii nimeangaliwa kwa jicho la pembeni. Sifa ni tamu, mwanangu, hata ikiwa imepotea njia na kufika kwa mlango usio wake.

Sasa ni lazima nikueleze jambo ambalo sikuwahi kukueleza vizuri. Unajua nilikuwa kwenye kwaya, na kwamba nilitolewa kanisani nilipokuwa na mimba yako. Hayo uliyasikia kwa majirani, na wamekusimulia kwa raha zao. Baba yako, aliyekuwa akiimba besi, alihamia Kiogoro na huko akaendelea kuimba. Jina lake halikusomwa mbele ya mtu. Langu lilisomwa, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha tatu kutoka mbele.

Ambalo hukusikia ni hili. Kwaya yetu ilikuwa tayari imerekodi nyimbo studio mjini Kisii, na mimi ndiye niliyekuwa nikiongoza wimbo mkuu. Ilikuwa imebaki kupiga video tu. Nilipotolewa, hawakuwa na pesa za kurudi studio. Basi wakachukua sauti yangu, wakamweka Yunia mbele ya kamera. Yunia mwembamba, mpole, mwenye meno mazuri. Akavaa sare, akasimama kwenye nyasi karibu na maporomoko ya maji, akafungua na kufunga mdomo kwa sauti yangu.

Siku CD ile ilipotoka nilikuwa na tumbo la miezi minane. Nilikwenda Kisii kununua nguo za mtoto, zako wewe, kwenye lile duka la kitambaa la Mama Hansa. Runinga yake ilikuwa juu ya kaunta, na kwenye runinga kuna Yunia. Mama Hansa akaacha kupima kitambaa. Hakuwa mtu wa kwetu, wala hakujua neno hata moja la Ekegusii, lakini machozi yalimlengalenga. Akaniambia, "Huyu msichana anaimba vizuri, jamani." Mimi nikamwambia, "Ndiyo, Mama, anaimba vizuri." Basi. Ningeweza kusema ni mimi. Hakuna mtu wa kwetu aliyekuwa dukani. Nilichukua kitambaa changu nikatoka, na tangu siku ile sijaimba mbele ya mtu mzima wala mtoto. Waliponirudisha kanisani baada ya mwaka mmoja, nilikaa kiti cha nyuma, nikawa nafungua kitabu cha nyimbo na kufumba mdomo.

Miaka mingi nilimchukia Yunia. Nilimchukia nikiosha vyombo, nilimchukia nikiomba. Halafu, ulipokuwa darasa la tano, nikakutana naye Masimba, ameolewa huko, ana duka dogo la unga na sabuni. Nilitaka kupita. Yeye akaruka kaunta akanishika mkono, akaanza kulia pale pale mbele ya wateja.

"Kwamboka, unajua tangu ile video watu walikuwa wakiniita kwenye harusi niimbe?" aliniambia. "Kila mahali. Nikawa nasema koo linaniuma. Miaka minne, Kwamboka! Miaka minne naumwa na koo zima. Mama yangu alinipeleka hospitali nikakubali nichunguliwe na daktari kwa ile taa yake, nikafungua kinywa, na daktari akasema haoni kitu."

Nikamwambia, kwa ukali, kwamba mimi ndiye niliyeibiwa.

"Najua," akasema. "Lakini wewe ulikuwa na sauti yako shambani. Mimi nilikuwa na yangu ndogo ya alto, nzuri tu, na nikaogopa kuitoa hata bafuni, watu wasije wakasikia si ile. Mpaka leo siimbi. Watoto wangu nawalaza kimya."

Sasa unaelewa kwa nini birika lilitaka kunianguka? Koo linaniuma. Maneno yale yale, Kemunto! Yametoka Masimba, yamepanda mlima hadi Gesima, yameingia sebuleni kwangu na kukaa kwenye mdomo wako. Na huyu mzee wa kanisa akaomba, "Asante Bwana kwa sauti uliyompa mtoto huyu." Ukasema amina ukiwa umefumbua macho. Tulitazamana. Mimi nikaangalia chini kwanza. Ni mimi mtu mzima, na ni mimi niliyeangalia chini.

Ninaogopa, mwanangu. Nisikufiche. Jumatatu watakuweka kwenye chumba cha kurekodi, wakuvalishe vile vitu vya masikioni, waseme, haya, imba. Utasema koo. Watakupa maji ya moto. Jumanne utasema koo. Hicho ni kipindi cha kuigiza shule ambayo wanafunzi wake huimba hata wakiitwa kwa naibu mwalimu mkuu, wewe mwenyewe ulinieleza tukacheka hadi ng'ombe akashtuka. Utawaambia koo mpaka lini? Njia ya mwongo ni fupi, na yako haifiki hata siku tatu. Nakuona umesimama pale mbele ya watu wa mjini, mdogo, na gauni langu la bluu, na mimi niko huku nachuma chai. Tangu juzi silali. Nilifikiria hata kukificha kitambulisho changu, kile wanachokitaka pamoja na ile fomu, ili usipande basi. Nilikiweka chini ya gunia la mbolea, nikakitoa, nikakirudisha, nikakitoa. Namba ya yule dada wa kipindi ninayo. Nimebonyeza mara mbili na kukata kabla haijalia. Nikimwambia mimi, nitakuwa nimekusomea jina lako mbele ya watu kama nilivyosomewa langu, na hilo siwezi hata nikichapwa.

Lakini kabla hujaanza kujipiga kifua na kusema wewe ni mwizi, nisikilize. Hii ndiyo sehemu ngumu kwangu kuandika, na nimeinuka mara mbili kuweka kuni ambazo moto haukuzihitaji.

Ulikuwa na miaka minane. Ulikuwa unasugua sufuria nje, unaimba kitu ulichofundishwa shuleni. Sauti yako ilikuwa ya chini, nzito, yenye mchanga mchanga kidogo. Nilikuwa naingia na ndoo ya maji. Nikasimama. Ilikuwa sauti ya baba yako, Kemunto, ile besi yake, imetoka kwa mtoto wa kike mwenye meno mawili yaliyong'oka. Nilihisi nimepigwa kofi. Nikakwambia, "Nyamaza! Wewe Mungu alikunyima koo akakupa mdomo." Bibi yako akacheka, ukacheka na wewe. Na kwa kuwa ulicheka nikadhani hujaumia. Kesho yake ukaanza kuigiza sauti za watu. Ukamwigiza karani, ukamwigiza mchungaji, ukaniigiza mimi nikigombana na kuku. Kijiji kizima kikakupenda. Ukaenda tamasha za shule ukavunja watu mbavu, ukarudi na vyeti. Lakini kuimba, hapana. Mtu akikuomba uimbe ulikuwa ukisema, kwa mzaha, "Mimi Mungu alininyima koo." Maneno yangu! Kila uliposema hivyo nilikuwa naona aibu, na kila mara niliiacha ipite, kama mtu anayeona mvua ya mawe inashuka kwenye chai na kujiambia itaenda kwa jirani.

Nilikudanganya. Sauti yako haikuwa mbaya hata siku hiyo. Mimi ndiye niliyeshindwa kuisikia.

Basi ulipotakiwa kutuma wimbo, ulifanya nini? Ulifanya anachofanya mtu aliyeambiwa na mamake hana koo. Ukaenda kutafuta koo, na la karibu lilikuwa langu. Sisemi ulifanya vyema. Ulifanya vibaya, na wapo wasichana waliotuma sauti zao wenyewe wakaachwa. Hao tuwafikirie, wewe na mimi. Lakini jembe lililochimba shimo hili nililinoa mimi.

Na sasa nikwambie la leo. Mchana, watu wakiwa bado kanisani, nilirudi mapema kuchemsha ndizi. Nikakusikia nyuma ya zizi. Ulikuwa unajaribu, peke yako. Wimbo wa mama yangu. Mwanzo uliufuata kwa sauti yangu, juu juu, ukakwama kwenye ubeti wa pili kama mtu aliyevaa gauni lisilo lake. Ukatukana, nilisikia, na siku ya Sabato pia. Kisha ukaushusha. Ukauimba chini kabisa, polepole, kwa ile sauti yako ya mchanga, na ukauchezea kidogo pale mwisho, ambapo yule mwanamke wa kwenye wimbo analalamikia magugu, mpaka nikacheka na machozi yakinitoka kwa pamoja. Mimi ninapouimba wimbo ule huwa ni wa huzuni tu. Sikuwahi kujua kwamba una kicheko ndani yake. Nilisimama na ndizi mkononi hadi ulipomaliza. Sikukohoa.

Hiyo ndiyo sauti, Kemunto. Hiyo ndiyo nakuomba, nakupigia magoti kwenye karatasi, uende nayo. Kabla hawajakuvalisha vile vitu vya masikioni, mtafute yule dada anayekupigia simu, mwambie ukweli kabla hajauuliza. Usiuigize. Mwambie tu. Halafu mwombe akusikilize ubeti mmoja. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine, nimeiandika na kutia sahihi yangu ya kweli. Inasema kwamba mimi mzazi nilijua na nikathibitisha uongo. Mpe. Usiubebe peke yako mzigo wa watu wawili.

Wanaweza kukufukuza. Siwezi kukudanganya tena kwa kukwambia hawatakufukuza. Video yako imeenea, Onchiri anayo, kijiji chote kinayo, na ukirudi watu watasema mpaka wachoke. Nitakungoja barabarani, si nyumbani, ili wanione nikikupokea. Wakikuuliza, nitajibu mimi. Mdomo ninao, nao uliurithi kwangu. Tutachuma chai, na mwakani utajaribu kwingine. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini ukibaki huko na sauti yangu mdomoni, hata wakikupigia makofi nchi nzima, utakuwa Yunia, na mimi nitakuwa Mama Hansa, nikikutazama kwenye runinga na kusema msichana huyu anaimba vizuri jamani. Mara ya pili sitaweza. Haki ya Mungu sitaweza.

Ukiamua kunyamaza, nami nitanyamaza. Sitakusomea jina. Kitambulisho nimekitoa chini ya gunia. Uamuzi ni wako, na basi linaondoka saa mbili asubuhi.

Neno moja la mwisho, kisha ukavae kiatu. Leo baada ya wageni kutoka, nilimfuata mzee wa kanisa hadi kwenye ua. Nikamwomba nafasi ya kuimba mbele ya watu Sabato ijayo. Akaniangalia kana kwamba mti umesema. Akasema, "Kwamboka, wewe?" Nikasema, ndiyo, mimi. Nitaimba wimbo wa mama yangu, kwa sauti yangu ya juu, na kikohozi changu kikija kije. Watu wa hapa wana masikio. Wakinisikia, na ile video wanayo simuni, watajua mara moja. Kwa hiyo sitasimama kabla hujanipigia simu kuniambia umeshasema. Nimekaa kimya miaka kumi na saba, wiki moja nitaiweza, hata mbili. Usinizidishie, mwanangu, nimechoka.

Nenda, Kemunto. Chukua gauni, chukua asali ya Mama Nyanchama, chukua hata huo wimbo, ni wa bibi yako na wewe ndiye jina lake. Sauti yangu tu niachie. Ninaihitaji Sabato.

Mama yako,
Kwamboka